Kocha wa Machi na Kocha wa Mwaka Mzima: Sifa na Uwezo katika Mpira wa Kikapu wa Vyuo vya Marekani

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, wachezaji hupita na kocha hubaki. Kijana mwenye kipaji kikubwa huenda akakaa chuoni mwaka mmoja tu kabla ya kuchaguliwa kwenda NBA, na hata asiye na haraka hiyo ana misimu minne ya kucheza kwa kawaida, ilhali Jim Boeheim aliiongoza Syracuse kuanzia 1976 hadi 2023 na Mike Krzyzewski aliifundisha Duke kwa miaka 42. Kwa hiyo uso wa timu ya chuo ni wa kocha. Ndiye anayehojiwa baada ya kila mechi, ndiye ambaye kamera humrudia kila filimbi inapolia, na katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa zaidi ya wote, gavana akiwemo, ni kocha wa futiboli ya Kimarekani au wa mpira wa kikapu katika chuo cha serikali. Mtu anayetazamwa kiasi hicho hawezi kukosa kupewa sura: huyu ni bingwa wa mbinu, yule anajua kusajili tu, huyu huvurunda Machi, mwezi wa mashindano ya taifa, yule ni mlezi wa vijana.

Shida ni kwamba sura hizo hutokana na sehemu ndogo sana ya kazi ya kocha, ile inayoonyeshwa kwenye televisheni: mechi chache za mtoano, sekunde za mwisho, hasira za pembeni mwa uwanja na maneno ya mbele ya waandishi wa habari. Sehemu kubwa ya kazi, yaani kuchagua wachezaji, kuwafundisha mazoezini miezi kadhaa kabla ya msimu, kuwapanga kwa namna inayositiri upungufu wao na kuwashika pamoja mambo yanapoharibika, haina kamera. Maoni yangu ni kwamba uwezo wa kocha hutafutwa katika yale yanayojirudia wakati wachezaji wamebadilika, wapinzani wamebadilika na bahati imegeuka. Kinachotokea mara moja, kiwe cha fahari au cha aibu, hutueleza machache kuliko tunavyopenda kuamini. Hata hivyo sura yenyewe nayo ni chombo cha kazi katika mchezo huu, na hapo ndipo jambo linapokuwa gumu kulitenganisha.

Tuanze na Machi, maana ndipo sifa nyingi huzaliwa na ndipo nyingi hufia. Mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa wanaume huchukua timu 68, idadi iliyoanza kutumika 2011, nayo huchezwa kwa mtoano wa mechi moja moja. Hakuna marudiano, wala hakuna mfululizo wa mechi saba kama ule wa NBA unaompa aliye bora nafasi ya kusahihisha usiku mbaya. Timu nyingi zinahitaji kushinda mechi sita mfululizo ili kutwaa ubingwa. Tuchukue timu iliyo bora kiasi kwamba ina uwezekano wa asilimia 80 wa kushinda kila moja ya mechi hizo sita, jambo ambalo ni nadra. Asilimia 80 ikizidishwa yenyewe mara sita huacha takriban asilimia 26, maana yake timu inayostahili kushinda mechi nane katika kila kumi itaukosa ubingwa karibu mara tatu katika kila nne. Uwezekano wa kila mechi ukiwa asilimia 70, nafasi ya ubingwa hushuka hadi karibu asilimia 12. Kocha anayeleta timu ya namna hiyo kila mwaka anaweza kukaa miaka kumi bila taji na hesabu isione ajabu yoyote, ingawa mashabiki wataona kasoro katika moyo wake, katika mbinu zake, pengine hata katika tabia yake.

Aliyepitia jambo hili hadharani kuliko wengine ni Tony Bennett wa Virginia. Aliwasili hapo 2009 na mfumo wa ulinzi alioupokea kwa baba yake, Dick Bennett, ambaye naye alikuwa kocha. Katika mfumo huo walinzi hurudi ndani ya mstari wa kufikirika unaolizunguka eneo la kikapu, huziba njia za kupenya na kumwachia mpinzani mitupo ya mbali iliyo migumu. Timu ilicheza polepole kwa makusudi, na wengi waliiona inachosha macho. Msimu wa 2017/18 ilishinda mechi 31 na kupoteza 2 kabla ya mashindano ya taifa, ikapangwa juu ya timu zote. Tarehe 16 Machi 2018, mjini Charlotte, ilifungwa 74–54 na UMBC, chuo cha jimbo la Maryland kilichopangwa namba 16, daraja la chini kabisa katika mpangilio unaoanzia namba 1 kwa timu bora. Tangu mashindano yapanuliwe hadi timu 64 mwaka 1985, timu za namba 1 zilikuwa zimekutana na za namba 16 mara 135 kwa upande wa wanaume, na zilikuwa zimeshinda mara zote 135.

Hukumu ilitolewa usiku uleule: mfumo huu hauwezi Machi. Ukiitazama mechi yenyewe unakuta mambo kadhaa yaliyofungamana. Timu zilikwenda mapumziko zikiwa 21–21. UMBC ilifunga mitupo 12 kati ya 24 ya pointi tatu, Virginia ikafunga 4 kati ya 22. De'Andre Hunter, mmoja wa wachezaji muhimu wa Virginia, alikuwa nje kwa sababu ya mkono uliovunjika. Lakini ipo pia hoja ya kweli dhidi ya Bennett, na si haki kuificha: timu inayocheza polepole hupunguza idadi ya zamu za kushambulia katika mechi, na zamu zikiwa chache, aliye dhaifu hupata nafasi kubwa zaidi ya kumshinda aliye bora, kwa kuwa bahati haipati muda wa kujisawazisha. Isitoshe, timu ya namna hiyo ikitanguliwa kwa pointi nyingi hupata taabu kukimbiza. Bennett alichagua njia yenye gharama hiyo, na usiku ule aliilipa.

Mwaka uliofuata aliirudia njia ileile. Hakuubomoa mfumo wake, na tarehe 8 Aprili 2019 Virginia ikawa bingwa kwa kuifunga Texas Tech 85–77 baada ya dakika za nyongeza. Sura ikageuka, na sasa Bennett akawa mfano wa uvumilivu na imani. Lakini angalia jinsi taji lilivyopatikana. Dhidi ya Purdue, Mamadi Diakite alisawazisha kwa mtupo wa sekunde ya mwisho kabisa. Dhidi ya Auburn katika nusu fainali, Virginia ilikuwa nyuma kwa pointi mbili zikiwa zimebaki sekunde 0.6 pale Kyle Guy alipochezewa rafu akitupa mpira wa pointi tatu. Alifunga mitupo huru yote mitatu, na mechi ikaisha 63–62. Katika fainali, Hunter alisawazisha kwa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde chini ya 13. Mpira mmoja ungegonga ukingo na kutoka nje katika usiku wowote kati ya hizo tatu, kocha yuleyule, akiwa na maarifa yaleyale, angebaki katika kumbukumbu kama mtu wa UMBC. Baada ya taji hilo, hadi alipostaafu Oktoba 2024, Virginia haikushinda tena mechi hata moja ya mashindano ya taifa. Kilichodumu kipindi chote hicho ni ulinzi wa hali ya juu kila mwaka na kumaliza kileleni mwa msimamo wa ligi ya ACC, peke yake au kwa kulingana na mwingine, mara sita kati ya 2014 na 2023. Hapo ndipo penye ushahidi wa uwezo wake, na ndipo pasipotajwa sana.

Ryan Odom, aliyekuwa kocha wa UMBC usiku ule, alibaki hapo miaka mingine mitatu. Kisha alikwenda Utah State na baadaye VCU (Virginia Commonwealth), akazifikisha zote mbili kwenye mashindano ya taifa, na mwaka 2025 Virginia yenyewe ikamwajiri. Nadhani hao walioamua kumchukua walifanya vyema kusubiri kuona kazi ikirudiwa mahali pawili tofauti.

Historia imejaa mifano ya hukumu za haraka zilizotanguka. Dean Smith wa North Carolina alitengenezewa sanamu ikatundikwa kama mtu aliyenyongwa na wanafunzi wa chuo chake mwenyewe Januari 1965, baada ya kufungwa na Wake Forest. Baadaye aliifikisha timu katika nusu fainali za taifa mara sita bila taji, na msemo ukawa kwamba hawezi kushinda mechi kubwa. Mwaka 1982, mjini New Orleans, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aitwaye Michael Jordan alifunga mtupo wa mwishomwisho, kisha Fred Brown wa Georgetown akampasia mpira James Worthy wa North Carolina kwa makosa, na mechi ikaisha 63–62. Msemo ule ulikufa hapo hapo, ingawa Smith hakuwa amejifunza lolote jipya katika sekunde zile. Krzyzewski naye alimaliza misimu yake mitatu ya kwanza Duke, kuanzia 1980, akiwa ameshinda mechi 38 na kupoteza 47, na mechi ya mwisho ya msimu wa tatu ilikuwa kipigo cha 109–66 kutoka kwa Virginia. Wafadhili wengi wa chuo walitaka aondolewe. Mkurugenzi wa michezo, Tom Butters, alikuwa ameona kitu ambacho jedwali la matokeo halikuonyesha, na Januari 1984 akamwongezea mkataba. Miaka iliyofuata Krzyzewski alifika nusu fainali za 1986, 1988, 1989 na 1990 bila kushinda taji, na katika fainali ya 1990 alifungwa na UNLV, chuo cha Las Vegas, kwa pointi 30, 103–73. Mwaka mmoja baadaye aliifunga UNLV hiyohiyo, ambayo ilikuwa haijapoteza mechi msimu mzima, kisha akatwaa taji la kwanza kati ya matano. Leo ni vigumu kumpata mtu anayekiri kuwa alitaka afukuzwe.

Basi kama mechi za mtoano ni kipimo kibovu, kipimo kizuri ni kipi? Smith mwenyewe alikuwa na jibu kabla ya zama za kompyuta. Aliacha kuhesabu pointi kwa mechi, akahesabu pointi kwa kila zamu ya timu kuwa na mpira, kwa sababu timu inayokimbia sana hufunga na kufungwa pointi nyingi bila kuwa bora wala mbaya. Wachambuzi wa baadaye, Dean Oliver na Ken Pomeroy miongoni mwao, waliliendeleza wazo hilo hadi likawa lugha ya kawaida ya mabenchi ya ufundi: pointi zinazofungwa na kufungwa katika kila zamu 100, zikirekebishwa kulingana na ubora wa wapinzani. Kabla ya Machi timu hucheza mechi 30 hivi, zenye zamu zaidi ya 2,000 kwa jumla. Hapo bahati hupungua nguvu na kazi ya mazoezini huonekana.

Takwimu hizo pia zinasaidia kutenga kilicho mikononi mwa kocha na kisicho mikononi mwake. Kocha anaweza kuathiri sana mahali ambapo mpinzani anatupia mpira, idadi ya mitupo ya pointi tatu anayoruhusiwa, nani anachukua ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo uliokosa, na mara ngapi timu inapoteza mpira ovyo. Lakini uchambuzi wa Pomeroy umeonyesha kwamba asilimia ya mitupo ya pointi tatu ambayo mpinzani anaifunga inategemea ulinzi kwa kiasi kidogo sana, na kuhusu mitupo huru ya mpinzani kila mtu anajua kwamba mlinzi hana la kufanya. Sasa fikiria ni mara ngapi kocha amesifiwa kwa ulinzi imara usiku ambao wapinzani walikosa tu mitupo iliyokuwa wazi, na ni mara ngapi amelaumiwa kwa sababu ya kinyume chake.

Nikifika kwenye lebo ya msajili, yaani kocha anayedaiwa kujua kukusanya vipaji tu, ninaona kuna madhara makubwa zaidi, kwa sababu lebo hiyo huharibu kazi za watu. Chukua John Calipari. Kentucky yake ya 2012 ilishinda mechi 38 kati ya 40 na ubingwa, na wachezaji wake wawili, Anthony Davis na Michael Kidd-Gilchrist, wakachaguliwa wa kwanza na wa pili kwenda NBA. Rahisi kusema kwamba kwa vijana kama hao hata shabiki angeshinda. Lakini katika fainali dhidi ya Kansas, Davis alifunga mtupo mmoja tu kati ya kumi, akapata pointi 6, na bado akatangazwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho, maana alichukua ribaundi 16 na kuzuia mitupo 6. Kumfanya kijana anayetarajia mamilioni baada ya miezi michache aridhike kuitawala fainali bila kufunga ni ukocha, tena ukocha mgumu. Calipari huyohuyo alitolewa raundi ya kwanza na Saint Peter's mwaka 2022 na Oakland mwaka 2024, na hapo wakosoaji walikuwa na neno: vyuo vingine vilikuwa vimejaa wachezaji wa miaka 22 na 23 waliokomaa, naye aliendelea kuwategemea mno vijana wa miaka 18. Ana uwezo mkubwa wa aina moja, na thamani ya aina hiyo ilishuka pale soko lilipobadilika.

Kuna upande mwingine wa lebo hii usiopaswa kupitwa. Kwa miongo mingi makocha weusi wa Marekani wameajiriwa kama wasaidizi wa kusajili, wakatumwa kwenda kuzungumza na familia za wachezaji weusi, halafu nafasi ya ukocha mkuu ilipotokea wakaambiwa kwamba hawajaonyesha mbinu. Nolan Richardson aliyeipa Arkansas ubingwa wa 1994 alilalamika waziwazi kwamba timu zake zilisifiwa kwa mbio na nguvu za wachezaji kana kwamba ule mfumo wa kumkaba mpinzani uwanja mzima kwa dakika 40 ulijitokea wenyewe. Tangu mashindano yaanze 1939, makocha weusi waliotwaa ubingwa wa wanaume wa daraja la kwanza ni wanne tu: John Thompson 1984, Richardson 1994, Tubby Smith 1998 na Kevin Ollie 2014. Tubby Smith alikumbushwa kila mara kwamba alishinda na wachezaji waliosajiliwa na Rick Pitino, mtangulizi wake Kentucky.

Kati ya hao wanne, Thompson ndiye anayenifunza zaidi. Alipoichukua Georgetown mwaka 1972 timu ilikuwa imetoka kushinda mechi 3 na kupoteza 23. Alikuwa mrefu kupita futi sita na nusu, taulo jeupe begani, sauti nzito, na aliwaweka wachezaji wake mbali na waandishi wa habari. Waandishi nao walimlipa kwa kumchora kama mtu wa kutisha anayejenga timu ya kutisha. Sura hiyo ilienea nchi nzima. Nyuma yake kulikuwa na mpira uliotolewa upepo, aliouweka ofisini ili kila mchezaji aukumbuke: mchezo una mwisho, na atakayeutegemea peke yake atabaki na ngozi tupu. Asilimia 97 ya wachezaji waliokaa naye miaka minne walihitimu. Na kuhusu ufundi wenyewe, mfululizo wa wachezaji wake warefu hauwezi kuitwa bahati: Patrick Ewing mzaliwa wa Jamaika, kisha Alonzo Mourning, kisha Dikembe Mutombo kutoka Kinshasa, ambaye alikwenda Georgetown akitaka kuwa daktari na aliondoka 1991 na shahada ya isimu na diplomasia. Wote watatu wameingia katika Jumba la Heshima la mchezo huu. Mtu mmoja angeweza kuzaliwa na kipaji kinachojifundisha, lakini watatu wenye maumbile, tabia na malezi tofauti, chini ya mwalimu mmoja, ni ushahidi.

Thompson huyu, kwa jicho la Machi peke yake, ana taji moja katika miaka 27. Alipoteza fainali ya 1982 kwa ile pasi ya Brown, na ile ya 1985 kwa pointi mbili, 66–64, dhidi ya Villanova iliyofunga mitupo 22 kati ya 28, kiwango ambacho hakuna ulinzi wa binadamu unaoweza kukitarajia. Mitupo michache ingekwenda upande mwingine, angekuwa na mataji matatu katika miaka minne, na mazungumzo kumhusu yangekuwa ya aina nyingine kabisa.

Sasa turudi kwenye ule ugumu nilioutaja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kocha wa chuo hawezi kuishi kwa kanuni hiyo, maana hata aliye mzuri hulazimika kujitembeza. Hachagui wachezaji kwa foleni iliyopangwa kama timu za NBA. Huenda nyumbani kwa kijana wa miaka 17, huketi sebuleni, na hushindana na makocha wengine kumi kwa maneno. Kijana huyo amemwona nani kwenye televisheni? Sifa huleta wachezaji, wachezaji huleta ushindi, ushindi huongeza sifa. Jim Calhoun wa Connecticut alipompata Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyeanza kucheza akiwa amechelewa, tayari chuo hicho kilikuwa na jina la kuwalea wachezaji warefu wanaozuia mitupo, Emeka Okafor akiwa mfano wa karibu. Jina lile lilikuwa limejengwa kwa kazi halisi. Mwaka 2009 Thabeet alichaguliwa wa pili kwenda NBA, na jina likazidi kukua. Kwa hiyo anayesema kwamba sifa ni upepo mtupu amekosea vilevile, kwa sababu sifa ni mtaji, na kuutunza ni sehemu ya kazi.

Kosa kubwa hufanywa na waajiri, wanaponunua sifa wakidhani wamenunua uwezo. Mwaka 2011 Shaka Smart aliichukua VCU kutoka mechi za awali hadi nusu fainali za taifa, akawa kocha anayetamaniwa kuliko wote wa umri wake. Texas ilimpata 2015. Katika misimu sita hakushinda mechi hata moja ya mashindano ya taifa akiwa na chuo hicho chenye fedha nyingi, na sura ikageuka: kumbe alibahatisha. Alikwenda Marquette 2021, na 2023 akatwaa ubingwa wa msimu wa ligi ya Big East pamoja na kombe la ligi hiyo. Ninavyomsoma, Smart alikuwa kocha mzuri wakati wote, ila VCU alikuwa na wachezaji walioukubali mchezo wake wa kukaba na kukimbia, Texas akapewa wachezaji wa aina nyingine na akachelewa kupata njia nyingine inayowafaa. Uwezo wa kocha hauhamishwi kama samani. Sehemu yake hubaki katika mahali, wasaidizi na aina ya vijana wanaovutwa na mahali hapo.

Mfano wa Steve Fisher unaelekea upande wa pili. Mwaka 1989, siku chache kabla ya mashindano, kocha mkuu wa Michigan alikubali kazi ya chuo kingine akaondolewa, na Fisher, msaidizi wake, akakabidhiwa timu. Alishinda mechi sita na kuwa bingwa wa taifa akiwa hajawahi kuwa kocha mkuu wa chuo hata msimu mmoja. Wengi walisema aliokota. Miaka kumi baadaye alianza upya San Diego State, mahali pasipo na historia ya maana katika mchezo huo, na msimu wa 2010/11 timu hiyo ikashinda mechi 34 na kupoteza 3. Ubingwa uliompa jina ulithibitisha kidogo. Kazi iliyofanywa mbali na macho ya watu ilithibitisha mengi.

Kuhusu hasira na utulivu wa pembeni mwa uwanja sina maneno mengi, kwa sababu havipimi kitu. Bob Knight alirusha kiti uwanjani 1985, na timu yake ya Indiana ya 1976 ndiyo bingwa wa mwisho wa wanaume kumaliza msimu bila kufungwa. John Wooden wa UCLA aliketi kimya na karatasi ya ratiba iliyokunjwa mkononi, akatwaa mataji kumi katika miaka 12, lakini watu husahau kwamba alifika hapo 1948 na taji la kwanza likaja 1964. Dan Hurley wa Connecticut hufoka tangu mwanzo hadi mwisho. Alitolewa raundi ya kwanza 2021 na 2022, kisha akatwaa mataji ya 2023 na 2024 akishinda mechi zote 12 kwa tofauti ya zaidi ya pointi kumi. Alikuwa akifoka vilevile alipokuwa akipoteza.

Hali ya sasa imezidisha ugumu wa kupima. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kuhama kutoka chuo kimoja hadi kingine kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Timu inaweza kubadilika karibu nzima kila mwaka. Kile nilichokiita ushahidi, yaani mchezaji yuleyule kukua mikononi mwa kocha yuleyule, kinakuwa adimu, na fedha za wafadhili zinaweza kumfanya kocha wa kawaida aonekane hodari kwa msimu mmoja. Hapo hapo kocha anayeweza kuchukua watu kumi wasiojuana mwezi wa Juni na kuwafanya wazuie kwa pamoja ifikapo Novemba anaonyesha uwezo ambao zamani hatukuwa na njia ya kuuona.

Haya yanazihusu familia za Afrika Mashariki na Kongo moja kwa moja, kwa kuwa vijana warefu wa Dar es Salaam, Nairobi, Goma na Lubumbashi wanatafutwa, na mara nyingi kocha huwa ni uso wa kwenye simu na jina la kwenye televisheni. Mzazi ana haki ya kuuliza mambo ambayo televisheni haionyeshi: wachezaji waliosajiliwa miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa, wangapi wamehitimu, nani kati yao alifika akiwa hajui kutumia mkono wa kushoto na sasa anajua, na ni kocha msaidizi yupi atakayekaa na kijana mazoezini kila asubuhi, maana kocha mkuu mara nyingi siye. Na kocha akiombwa mtu wa kumshuhudia, asikubaliwe kutoa jina la nyota wake. Aombwe kuwaunganisha na wazazi wa mchezaji aliyekaa benchi misimu miwili.